Kuku Wako Yupi? Kumtambua Kuku na Kumvalisha Pete ya Mguuni

Mwaka juzi mimi na jirani yangu tulimgombea tetea mweusi. Huku Makorora, Tanga mjini, nyumba zimebanana na kuku hawajui mpaka wa mtu. Asubuhi ukifungua banda wanaingia uchochoroni, wanaparura jalala la huyu, wanakunywa maji ya karo la yule, magharibi kila mmoja anarudi kwao. Siku hiyo walirudi wote isipokuwa mweusi. Nikazunguka, nikamkuta uani kwa jirani, kafungwa mguu kwa kipande cha kanga kwenye shina la mpapai.

"Jirani, huyo wangu," nikasema.

"Wako wapi, jirani? Huyu nimemtoa Pongwe kifaranga, nimemlea kwa pumba mpaka hapo alipo."

Tukapandishiana sauti mpaka mzee mmoja wa mtaani akaitwa. Akatoa hukumu ya siku zote: mfungueni, mwacheni, atakapolala ndipo kwao. Tukakaa barazani tukimwangalia. Jua lilipozama yule tetea akajikung'uta, akapita uani kwa jirani, akapita uani kwangu, akaenda kurukia mwembe wa nyumba ya tatu na kutulia na wenzake. Hakuwa wa jirani, hakuwa wangu. Wangu sikumwona tena, na sote wawili tulikuwa tumeapa.

Tangu hapo kuku wangu wote wana pete. Mwenye kuku watatu hana haja nazo, atawajua kama anavyowajua watoto wake. Wakifika kumi na wawili, na watano kati yao wekundu mtupu, hapo macho yanaanza kudanganya. Unamchinja anayetaga ukimwacha mla bure, unamchanja huyu mara mbili na yule humchanji hata mara moja, na jogoo anapanda mabinti zake mwaka hadi mwaka bila wewe kujua.

Mtazame kwanza

Kabla ya kununua chochote, kaa na kuku wako asubuhi moja wakati wa kuwatupia chakula, na daftari mkononi. Usiandike "mweusi". Weusi ni wengi, mimi shahidi. Andika kama unamweleza mtu atakayekwenda kumtafuta sokoni Mgandini katikati ya matenga.

Anza kichwani. Upanga, ile nyama nyekundu ya utosini, umesimama au umelala? Una meno mangapi? Hesabu kweli, maana upanga wa meno matano na wa meno sita ni kuku wawili tofauti, na jino lililokatika kwa ugomvi halioti tena. Ana kishungi? Ndewe za masikio nyeupe au nyekundu? Shuka shingoni: kishingo hana manyoya hapo, huyo hata kipofu atamjua kwa mkono. Kidimu manyoya yamejipinda kwenda juu kama aliyepigwa na upepo kwa nyuma. Kuchi ni mrefu, miguu minene, upanga mdogo, anasimama wima kama askari wa lindo. Wenye sura hizi wanajitambulisha wenyewe. Kazi iko kwa hawa wa kawaida, wekundu, weusi, na wa madoa ya kanga, yule ndege.

Kwa hao nenda miguuni. Watu wengi hawaangalii miguu, na kumbe ndiyo isiyobadilika ovyo. Muundi, yaani ile sehemu ya magamba kati ya goti na vidole, unaweza kuwa wa njano, mweupe, wa kijivu au mweusi. Angalia kucha nazo: mara nyingi utakuta moja ina rangi tofauti na nyingine. Wa njano usimwamini sana, kwa sababu tetea mwenye miguu ya njano hupauka anapotaga kwa muda mrefu, akipumzika njano inarudi.

Manyoya nayo yana ujanja wake. Kuku hunyonyoka na kuota upya, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, na doa jeupe la bawani linaweza kurudi kubwa zaidi au lisirudi. Na kifaranga usimwandikie rangi kabisa. Yule wa hudhurungi mwenye mistari mgongoni anaweza kuwa chochote akikua.

Piga picha kwa simu: kichwa upande wa kulia, kichwa upande wa kushoto, miguu kwa karibu. Picha ya kuku mzima akitembea inapendeza, lakini siku ya ugomvi haisaidii.

Kwenye miezi miwili au mitatu anza kutenganisha pora, yaani jogoo kijana, na tembe, yaani tetea ambaye hajaanza kutaga, kwa sababu saizi ya pete zao itaachana. Pora upanga wake huwahi kuwa mwekundu, na baadaye manyoya ya shingo na ya kiunoni yanachongoka na kung'aa. Ya tembe yana ncha ya mviringo.

Cha kumvalisha

Niseme kwanza visivyofaa, maana nimevitumia.

Kamba ya katani. Mtu wa Tanga akitaka kufunga kitu mkono unakwenda kwenye katani bila kufikiri. Nilifunga tembe wanne mwezi wa tatu, fundo zuri, nafasi ya kutosha. Masika ikaingia. Katani ikilowa inavimba na kujivuta, ikikauka ina meno. Baada ya wiki tatu nikamwona mmoja anasimama mguu mmoja. Nilipomshika kamba sikuiona, niliona mfereji. Ilikuwa imezama chini ya magamba na nyama imeanza kuifunika. Aliishi, lakini kidole cha nje hakikukunjika tena mpaka alipokwenda chunguni.

Waya ni vivyo hivyo, na mbaya zaidi. Uzi wa kushonea na nywele za bandia hata usivifunge wewe vitajifunga vyenyewe vidoleni, kwa hiyo ziokote uani, hasa kama nyumbani kuna msusi. Raba bendi inabana usiku na mchana bila kupumzika. Kipande cha kanga kinafaa kwa siku moja mbili, kuku mgeni asipotee. Zaidi ya hapo kinashika kinyesi na tope. Wapo wanaokata ncha ya kidole, alama ya wazee. Ni ya kudumu, sikatai, lakini inatoa damu, na kuku anahitaji vidole vyote ili kushika fito usiku. Kukata ukucha tu hakudumu, unaota.

Zinazofaa kwa banda la nyumbani ni aina mbili. Ya kwanza ni pete za plastiki za kuzungusha, zilizojikunja kama springi ya kalamu. Zina rangi nyingi, zinavalishwa bila kifaa na kuvuliwa zikatumika kwa mwingine. Mimi zangu niliagiza Dar. Ya pili ni kebo tai, vile vibanio vya plastiki ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya, na hivyo huvikosi kwenye duka la vifaa. Chagua zenye upana wa milimita 4 hivi. Nyembamba sana zinakata. Nyeusi hustahimili jua letu kuliko nyeupe na za rangi, ambazo hupauka na mwishowe kukatika, kwa hiyo za rangi tegemea kuzibadilisha.

Ziko pia pete nzima zisizo na mwanya, ambazo huvalishwa kifaranga akiwa bado mdogo na hazitoki tena. Hizo ni za wafugaji wa mbegu wanaojua kwa hakika mguu wa aina yao utafika unene gani. Kwa kuku wa kienyeji, ambaye baba yake anaweza kuwa kuchi au jogoo wa kupita njia, usijaribu.

Saizi

Pete hupimwa kwa upana wa ndani. Katika banda langu kifaranga wa siku chache huvaa milimita 5 au 6, tembe 12, tetea wa kienyeji 14 hadi 16, jogoo 18 hadi 20. Kuchi humpima mmoja mmoja. Hizo ni za kuanzia tu, mwamuzi ni mguu wenyewe. Pete iliyokaa sawa inazunguka bila kukwama na inapanda na kushuka kwenye muundi, ila haipandi juu ya goti wala haivuki vidole. Ikilegea sana kuku atapitisha kidole chake ndani akijikuna, na utamkuta amekunja mguu kama aliyefungwa pingu.

Jogoo ana kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, nacho kinakua. Pete yake ikae juu ya kipi, upande wa goti. Ikiwa chini, siku moja itanasa.

Kumshika na kumvalisha

Usikimbize kuku mchana. Utamchosha, utajichosha, na watoto wa mtaa watakuja kuangalia. Ngoja giza liingie, wakishapanda kulala. Kuku haoni vizuri gizani, unamchukua kwenye fito kama unachuma embe. Taa ya simu iwe kwa msaidizi wako, imulike chini.

Mimi hushikiwa na kijana wangu wa darasa la sita, tumeshazoeana. Yeye anapitisha mkono chini ya kifua cha kuku, miguu inaingia katikati ya vidole vyake, mbawa anazibana kwa kiwiko na ubavu, kichwa kinatazama nyuma kwapani. Kuku akifichwa macho hivyo anatulia. Kumning'iniza kichwa chini, kama tunavyobeba kuku wa sokoni, hakufai kwa kazi hii: anapapatika, na pete inahitaji mguu uliotulia.

Kabla ya pete kagua mguu. Ufute kwa kitambaa chenye maji. Magamba yakiwa yameinuka, yana unga mweupe na ukurutu, hao ni wadudu wa magamba, usimvalishe. Paka mafuta mazito ya kupaka mwilini mguu mzima, nasi wa mwambao wengine hutumia ya nazi, rudia kila baada ya siku chache mpaka magamba yalale. Chini ya unyayo ukiona kovu jeusi lenye uvimbe, mweke pembeni kwanza atibiwe.

Pete ya kuzungusha: fungua ncha moja kidogo tu, iweke kwenye muundi, kisha izungushe kuufuata mguu mpaka yote iingie. Usiinyooshe kama waya, haitarudi ilivyokuwa.

Kebo tai: izungushe, ingiza ncha kwenye kichwa chake, halafu weka kalamu ya kawaida kati ya plastiki na mguu na uvute mpaka iguse kalamu. Toa kalamu. Nafasi iliyobaki ndiyo ya mguu kupumua. Vuta polepole, kwa sababu kebo tai ikishapita jino hairudi, itabidi uikate uanze nyingine. Mkia ukate usawa na kichwa kwa kikatia kucha, kisha pitisha kidole. Kama panakwaruza kidole chako, patamkwaruza yeye usiku kucha. Sugua kwa tupa ya kucha. Nilipuuza hilo kwa kuku wawili wa kwanza, mmoja akaja na mkwaruzo mguu wa pili.

Asubuhi wataidonoa, yao na ya wenzao. Kuku huona rangi vizuri mno, na kitu kipya kinachong'aa ni habari kubwa bandani. Kwa kawaida siku mbili tatu wanasahau. Nyekundu inawavuta zaidi, ndiyo maana mimi sivalishi nyekundu kabisa. Nikimwona kuku ana kitu chekundu mguuni nataka nijue moja kwa moja kuwa ni damu.

Rangi ziseme nini

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu ananunua pete za rangi sita, anavalisha kila kuku inayompendeza, baada ya miezi minne njano ni nani hakumbuki. Amua kila mguu unaeleza jambo gani, kisha usibadilishe.

Kwangu mguu wa kushoto ni mwaka wa kutotolewa: waliototolewa mwaka mmoja wanavaa rangi moja. Mguu wa kulia ni ukoo, yaani mama. Nina mama watatu wa mbegu, na kila mmoja watoto wake wana rangi yao. Tetea wa rangi ya machungwa kushoto, nyeupe kulia, namsoma kwa mbali bila kumshika: wa mwaka ule, binti wa kidimu. Ukipenda namba ziandike kwenye pete kwa kalamu ya wino usiofutika, lakini namba haisomeki kwa kuku anayetembea.

Jogoo mmoja anatosha tetea wanane hadi kumi. Unapomchagua pora wa kumrithi, angalia mguu wa kulia wa matetea wako. Ukiona rangi ile ile ya kwake, hao ni dada zake. Badilishana na mtu wa mtaa mwingine, mpe pora wako akupe wake. Nami jogoo simweki zaidi ya mwaka na kitu, kabla mabinti zake hawajaanza kutaga.

Rangi zenyewe zijaribu magharibi kabla hujazichagua. Baada ya ule ugomvi, mimi na jirani tulikubaliana kuku wote wa kwangu wawe na pete ya kijani, wake bluu, tukapeana mikono. Wiki ya kwanza tu magharibi alikuja kudai kuku wake, na kumbe kijani na bluu jua likizama ni kitu kimoja. Sasa yeye ni njano. Nyeupe ni nzuri ila lazima uifute, hudhurungi usithubutu.

Vifaranga

Kifaranga miguu yake inanenepa kila wiki, kwa hiyo akivaa pete ndogo ujue umejipa kazi ya kumkagua kila baada ya siku chache na kumbadilishia mara tatu au nne. Kama huwezi, usimvalishe. Njia yangu ni kuwaacha na mama yao, kila mama na vifaranga wake tengani au pembeni yake, na kuwavalisha wanapoachana naye. Wakichanganyika mapema, wapake dawa ya zambarau, ile jivii ya vidonda, kichwani kwa hawa na mgongoni kwa wale. Inafifia na inabidi urudie, lakini haimbani mtu.

Mashamba ya mbegu hutoboa utando kati ya vidole vya kifaranga wa siku moja. Kila mguu una tando mbili za mbele, jumla nne, na ukichanganya kutoboa na kutotoboa unapata alama 16. Ni hesabu nzuri. Mkono wangu haujawahi kuiweza.

Jivii hiyo hiyo ina kazi nyingine, siku ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle. Chanjo ya I-2 ni tone moja la jicho, kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo mtaani tunachanga na kuzunguka nyumba kwa nyumba. Kuku akidondoshewa tone, papo hapo anapakwa zambarau mguuni kabla ya kuachiwa. Hapo hakuna "huyu tayari?" "nadhani tayari".

Daftari

Kaunta buku moja, ukurasa mmoja kwa kuku mmoja. Juu andika rangi za pete, sura yake kama ulivyoitazama asubuhi ile, tarehe ya kutotolewa na mama. Chini yake: chanjo, magonjwa, alianza kuatamia lini, mayai mangapi, siku ya 21 vilitoka vifaranga wangapi, mwewe alichukua wangapi. Tetea anayetotoa kumi na kukuza tisa na anayetotoa kumi na kukuza wawili wanaweza kufanana kama mapacha.

Nani anataga, hilo pete peke yake haikwambii. Kuna mawili. Mshike jioni, pima kwa vidole nafasi kati ya ncha mbili za mifupa ya nyonga, chini ya mkia: vikipita viwili au vitatu, na tundu ni pana lenye unyevu, anataga. Kikiingia kimoja kwa shida, hatagi. Na kama unataka kujua yai lipi ni la nani, mpake rangi ya keki kidogo kwenye tundu la kutagia. Yai la asubuhi litatoka na mstari. Nilicheka peke yangu mara ya kwanza. Mshukiwa wangu wa muda mrefu, mwekundu aliyekuwa amepangiwa kuchinjwa, ndiye aliyekuwa akitaga chini ya ngazi kwa jirani.

Kukagua na kuvua

Tembe na pora wanaokua, kila wiki. Wakubwa, mara moja kwa mwezi, usiku, kwa kidole: izungushe pete, ipandishe, ishushe. Kazi ya dakika kumi kwa banda zima. Jogoo mkague zaidi, hasa usawa wa kipi.

Ukikuta imebana, usivute. Pitisha mpini wa kijiko kidogo kati ya pete na mguu, kata juu ya mpini, siyo kuelekea nyama. Ikiwa imeshazama, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi mpaka taka zilainike, kata, safisha, paka iodini, na mtenge na wenzake, maana wakiona damu watamla hai. Mguu ukiwa baridi na mweusi chini ya pete, hapo mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ukiuza au kuchinja, vua pete kabla kuku hajatoka uani, andika daftarini, ioshe kwa sabuni na jiki, ianike. Pete iliyopotea usiirudishe kwa kukisia. Fungua daftari, hesabu meno ya upanga, angalia kucha, ndipo umvalishe nyingine. Za akiba ziko kwenye kopo la maziwa nililolitundika kwenye mlango wa banda, pamoja na kikatia kucha na ile kalamu ya kupimia. Kalamu nimeifunga kwa katani, watoto wasiichukue kwendea nayo shule.